Port za kinubi kwenye tabulatura ya luti: nyuzi zipi zizimwe?

NyuziZaShaba
Wakuu, habari. Nina kopi za tabulatura (maandishi ya muziki yanayoonyesha uzi na mahali pa kushika) za luti, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, za Uskoti, karne ya 17, hasa zile port, aina ya nyimbo za Kigaeli. Nataka kuzipiga kwenye kinubi cha Kigaeli chenye nyuzi za shaba njano. Noti zinasomeka vizuri, ila zikipigwa kama zilivyo sauti zinarundikana hadi wimbo unapotea. Je, nyimbo hizi kweli zilitoka kwenye kinubi? Na kuzima nyuzi kunafuata kanuni gani?

Kozi11
Mkuu, uhusiano upo, ila pima unachokiamini. Port Jean Lindsay imo kwenye hati ya Straloch (1627–29), Port Ballangowne imo kwenye hati ya Skene, ambayo ni ya mandora, luti ndogo. Da mihi manum, inayohusishwa na mpiga kinubi Ruaidhri Dall Ó Catháin, imo kwenye hati ya Balcarres ya luti ya kozi 11 (kozi ni uzi mmoja au jozi ya nyuzi zinazopigwa pamoja). Kwa hiyo inaelekea wapiga luti walikuwa wakisikiliza vinubi na kuandika walichosikia.

Lakini waliandika kwa mkono wa luti. Besi na kordi ni zao, zimepangwa pale vidole vinapofika kwenye freti, vile vigawanyo vya shingoni mwa luti. Shika wimbo wa juu, besi ijenge upya. Na Straloch yenyewe imepotea. Tulichonacho ni nakala ya sehemu iliyofanywa na George Farquhar Graham mwaka 1847. Noti ya ajabu humo inaweza kuwa kosa la kunakili tu, usiifanye siri ya kinubi.

KuchaNdefu
Tatizo lako liko kwenye tabulatura yenyewe. Alama za mdundo juu ya mistari zinaonyesha noti ipigwe lini. Hazisemi izimwe lini. Kwenye luti hilo halisumbui: uzi wa utumbo unafifia haraka, na kidole kikiachia freti sauti inakatika. Shaba inaendelea kulia kwa sekunde nyingi. Kwa hiyo kila noti unayohamisha inahitaji uamuzi wa pili, yaani mwisho wake.

Anza hivi: noti zinazopakana (D kisha E) zizime, zinazotengana kwa tatu, tano au oktava ziache zilie pamoja. Ukishuka kwa hatua, piga noti mpya na papo hapo rudisha kidole kilichopiga ile ya kwanza juu ya uzi wake. Tumia nyama ya ncha ya kidole. Ukucha ukigusa shaba inayotetemeka utasikia mkwaruzo, "zzz", na hilo ndilo kosa linaloharibu mapigo mengi. Fanya polepole, mkono mmoja, noti 4 tu, hadi kuzima na kupiga viwe tendo moja.

Soma pia maelezo ya Edward Bunting, mkusanyaji wa nyimbo za vinubi vya Ireland, yaliyochapishwa 1840. Kwenye mkutano wa wapiga vinubi wa Belfast wa 1792 ni Denis Hempson peke yake aliyepiga kwa kucha ndefu kwa namna ya kale. Mbinu za mikono humo ni hazina, ila nyimbo zenyewe Bunting alizipanga kwa piano, kwa hiyo kordi zake usizifuate.

NyuziZaShaba
Shukrani sana. Na F kali (F iliyopandishwa nusu toni)? Kwenye luti ni freti moja tu, kwangu uzi wa F ni mmoja.

Kozi11
Chagua F moja, kali au ya kawaida, kwa wimbo mzima na ulinganishe kabla ya kuanza. Noti nyingine iliyopandishwa au kushushwa nusu toni ukiikuta katikati, mara nyingi inaachwa bila wimbo kuumia. Angalia lakini: kupandisha nusu toni kunaongeza mkazo kwa takriban asilimia 12, na shaba hulia vizuri ikiwa karibu na kikomo chake cha kukatika. Chagua unene wa uzi kwa kuhesabu F kali, siyo F ya kawaida, la sivyo utakatika. Nyuzi pacha za G, chini ya C ya kati, zilinganishe kwanza, halafu nyingine zote kutoka hapo.

KuchaNdefu
Kwa wenye luti ya G wanaotaka mlio wa kinubi: noti zinazofuatana zipige kwenye kozi tofauti. G ya juu piga kozi ya kwanza wazi, F kozi ya pili kwenye d (herufi ya freti ya 3), E kozi ya tatu kwenye h (freti ya 7). Zote tatu zinalia pamoja. Kidole cha shahada kwenye d, kidole kidogo kwenye h. Ukikiinua chochote mapema, mlio huo wa kengele unakatika.