Lecanora: DNA inatoa matawi mawili, kwa macho ni spishi moja. Nifuate kipi?

Gamba_la_Mti: Wakuu, naomba mwongozo. Nina sampuli 14 za likeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) za jenasi Lecanora kutoka kwenye magome. Kwa lenzi ya mkono zote ni kitu kimoja: ukoko wa kijivu, vikombe vya kahawia, ukingo mweupe. Mti wa ukoo wa ITS (kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu) umezigawa 8 na 3. Zile 3 zilizobaki, grafu zake za usomaji wa DNA zina vilele viwiliviwili kila mahali. Ni spishi mbili, au nimeboronga maabara?

Wembe_Mpya: Mkuu, hizo 3 usiziingize kwenye mti kabisa. Vilele viwili mara nyingi maana yake umesoma viumbe wawili kwa pamoja. Ulitumia praima gani (vipande vya kuanzishia unakili wa DNA), na ulisaga nini?

Gamba_la_Mti: ITS1 na ITS4. Nilisaga ukoko mzima.

Wembe_Mpya: Basi mchawi ndiye huyo. ITS1 inashika hata mwani, na jina la likeni ni la kuvu wake, si la mwani. Weka ITS1F badala yake. Chini ya hadubini kata vikombe 3 hadi 5 visivyo na vidoa vyeusi (hao huwa ni kuvu wengine wanaoishi juu ya likeni), vua ukingo maana mwani umo humo, ubaki na tabaka la spora. Loweka kwenye asetoni saa 1, kausha kabisa, ndipo usage. Hiyo asetoni usimwage, ina tindikali za likeni utakazozipima kwa kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali). PCR (unakili wa DNA) ikigoma, zimua DNA mara 10. Wengi huongeza DNA, na kemikali zinazozuia PCR zinaongezeka nayo.

Fuwele: Kuhusu 8 na 3: ITS peke yake haitoshi. Ongeza jeni ya mtSSU, iko kwenye mitokondria, inarithiwa kivyake.

Wembe_Mpya: Ila mtSSU hubadilika polepole. Isipozitenganisha, hujathibitisha kwamba ni moja. Jeni ya RPB1 au MCM7 ingefaa zaidi.

Fuwele: Hapo sibishi. Lakini kabla ya jeni ya tatu, shika wembe. Kata kikombe wima, unene wa maikromita 15 hivi, weka kwenye maji, tazama kwa mwanga uliopolaishwa (uliochujwa utetemeke upande mmoja tu). Fuwele zitang'aa ukingoni na juu ya tabaka la spora. Kisha dondoshea potasiamu haidroksaidi ya 10% pembeni mwa kigae cha kufunikia, na usiondoe jicho: zile za juu zinayeyuka au zinabaki? Kwenye Lecanora, jibu hilo hutenganisha spishi zinazofanana kama mapacha.

Spora pima ndani ya maji tu, kwenye haidroksaidi zinavimba. Chukua zilizokwisha kutoka kwenye vifuko vinamokulia, angalau 20 kila sampuli. Zilizomo ndani huenda hazijakomaa. Na mtu mwingine akufichie namba za sampuli. Ukishajua ipi ni ya tawi lipi, macho yatakutafutia tofauti hata isipokuwepo.

Gamba_la_Mti: Na anatomia ikikataa kutofautiana?

Fuwele: Angalia tena kemia na aina ya gome. Likeni iliyoitwa Dictyonema glabratum ilihesabiwa spishi moja kwa miaka mingi; mwaka 2014 DNA ilionyesha ni spishi zisizopungua 126, na nyingi zina tofauti za umbo zilizokuwa zimepuuzwa. Kwa hiyo bakiza kipande cha kila sampuli kwenye bahasha, chenye namba ileile ya mrija wa DNA.