Kusoma majina na kiasi cha sadaka kanisani: Injili inaruhusu?

Mwanausharika: Wapendwa, tujadili hili bila kurushiana mawe. Makanisa yetu mengi, ikifika zamu ya ahadi za ujenzi, jina linasomwa na kiasi kinasomwa. Wa milioni anapigiwa vigelegele, wa elfu tano anapita kimya kimya. Mgeni rasmi kachelewa saa nzima, na kiti chake cha mbele bado kinamngoja na kitambaa chake. Mathayo 6:3 inataka hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Na katika Luka 14 Yesu yuko mezani kwa Farisayo, anawaona wageni wanavyogombea viti vya mbele, anawaambia: ukialikwa, kaketi nyuma. Msimamo wangu: itangazwe jumla, basi.

Mhazini Mstaafu: Rahisi kusema kama hujawahi kushika daftari. Ahadi isiyosomwa hailipwi, na fundi anataka chake Jumamosi. Tena usisahau uwazi: fedha zisizotajwa ndizo zinazoliwa. Halafu soma Luka 8:1-3. Wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wametajwa kwa majina: Maria Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana. Mbona Luka hakuwaficha?

Mwanausharika: Aliwataja, lakini niambie Susana alitoa shilingi ngapi.

Mdau wa Nairobi: Nyie mnabishania elfu tano, sisi huku tumepigana na mamilioni. Septemba 2021 pale Butere, magharibi mwa Kenya, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, na wakubwa wenyewe walikuwa wamekaa pale pale. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki akaagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, hapa hapa Nairobi, urudishwe. Mimi naunga mkono. Ila Yoana ananisumbua: mumewe alikuwa wakili, yaani msimamizi wa mali, wa Herode, yule yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Kama fedha zile zilitoka nyumba ile, Yesu hakuzirudisha.

Mhazini Mstaafu: Asante. Umenisaidia bila kutaka.

Mdau wa Nairobi: Sijakusaidia, mzee wangu. Yoana alikuja kumfuata Yesu kijiji kwa kijiji, na asubuhi ya ufufuo yumo kati ya wanawake waliokwenda kaburini (Luka 24:10). Mwanasiasa wetu anakuja na kamera na kuondoka kabla ya baraka. Huyo mfuasi yupi?

Mama wa Kwaya: Nawasikia wanaume mnavyozungumzia mamilioni. Mimi namwona mjane wa Marko 12, aliyetoa senti mbili tu sadakani. Yesu hakumsimamisha apigiwe makofi. Aliwaita wanafunzi wake, akawaambia wao, na huenda yule mama alirudi kwake bila kujua kwamba amesemwa. Na mstari wa 40, kabla tu ya habari yake, Yesu anawakemea waandishi, wale walimu wa Sheria, wanaokula nyumba za wajane. Wahubiri hawausomi huo, wanarukia senti mbili. Kwetu, mnadani baada ya ibada, jogoo mmoja huyo huyo huuzwa hata mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha ili watu waone. Yai la bibi linanunuliwa mara moja, limekwisha. Mitume waliposema "tuongezee imani" (Luka 17), waliambiwa habari za punje ya haradali, kisha za mtumwa anayetoka shamba na kuhudumu mezani bila kushukuriwa. Sisi tunataka kushukuriwa na kipaza sauti.

Mwanausharika: Mama umemaliza. Napendekeza bahasha ziwe na namba tu, orodha ibandikwe ubaoni bila majina. Mhazini anapata uwazi wake, na hakuna wa kuaibika.

Mhazini Mstaafu: Namba? Usharika wangu ulijaribu. Kufika Pasaka kila mtu alikuwa anaijua namba ya jirani yake.