Mrejesho: lile boksi la urembo la kila msimu

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kulipia boksi la urembo la bei nafuu linaloletwa kila msimu hapa Kampala. Nimejiunga, na la kiangazi limefika. Kilichonifurahisha zaidi ni mafuta ya shea, yaani ya mbegu za mti wa shea, ya kaskazini mwa Uganda. Shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani tu, na visigino vyangu vimeacha kupasuka. Sabuni na rangi ya midomo ni za kawaida. Krimu ya kung'arisha uso haikuwa na orodha ya viambato, nikaitupa. Krimu za aina hiyo wakati mwingine huwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali zinazoweza kudhuru, na hizo si vitu vya kuchezea. Dada uliyeniambia nijaribu kila kipodozi kwanza nyuma ya sikio nione kama ngozi itakikataa, asante sana. La masika nitalichukua, ila nimewaandikia waiondoe krimu ile.