Mbaazi gunia 38 ziko ndani, niuze sasa au nisubiri Januari? Naombeni ushauri

Mkulima_Masasi: Wakuu habari za saa hizi. Nina mbaazi gunia 38, nimepepeta, zimekauka vizuri, ukiing'ata moja inalia kabisa. Bei ya mnada uliopita haijaniridhisha na jirani ananiambia nisipeleke AMCOS (chama chetu cha ushirika) sasa hivi, nikae nazo mpaka Januari zitapanda. Kijana wangu anaanza chuo mwezi wa kumi na ada haijatimia. Halafu kila mtu anasema India ndo wanunuzi wetu wakubwa na ndo wanaamua, wakifunga soko lao tumekwisha. Nifanyeje?

BabaWatatu: Mdogo wangu usirudie kosa langu. 2017 nilikuwa na gunia 52, miaka miwili kabla ya hapo watu waliuza zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo ndo maana wote tukakimbilia mbaazi. Mwezi wa nane India wakaweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, mi nikasema nasubiri, nikasubiri mpaka zikabunguliwa, nafungua gunia unga unamwagika mpaka miguuni. Zilizobaki nikauza 150 kwa kilo. Hela ya dawa tu haikurudi.

DadaBandari: Nimefanya kazi na wanunuzi Dar miaka mingi, ngoja nieleze. India ndo wanaongoza duniani kwa kulima mbaazi na kwa kuzila, kwao ni kama maharage kwetu. Serikali yao imebanwa katikati: bei ikipanda walaji wa mjini wanalia, wanaruhusu mzigo wa nje uingie, bei ikishuka wakulima wa majimbo yao ya Maharashtra na Karnataka wanalia, wanabana. Msimu wa 2016/17 wakulima wao walivuna sana, bei ikaanguka chini ya rupia 5,050 kwa kilo 100 walizoahidiwa na serikali, ndo Agosti 2017 wakasema mzigo wa nje mwisho tani laki mbili kwa mwaka. 2021 wakafungua tena. Sasa shika hili, wao wanaanza kuvuna Desemba, mnunuzi anataka mzigo wetu ufike kabla ya hapo. Ukingoja Januari unakutana na mbaazi mpya ya kwao.

Kijana_Nachingwea: Hao wanatuonea tu, wanatuchezea wanavyotaka!

DadaBandari: Hapana mdogo wangu, hata sisi mchele wa nje ukiingia bei chee si tunapiga kelele uzuiwe? Mkulima wao naye ana ada ya kulipa. Kilichotuumiza ni kwamba Msumbiji walisaini makubaliano ya kuuza mbaazi na India 2016, mzigo wao ukaendelea kuingia, sisi hatukuwa nayo. Hilo ndo la kuwadai wabunge wetu kila msimu.

Mkulima_Masasi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Alhamisi napeleka gunia 33 AMCOS, 5 nabakiza za mbegu na kula. Ile mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa ili zisibunguliwe, hapa Masasi mjini inapatikana duka gani, na gunia moja la kilo 100 linaingia kwenye mfuko mmoja au nigawe?