Tupeane uzoefu: Siku uliyokutana uso kwa uso na mnyama wa hatari

Mtu wa Kilosa
Wadau, jana umeme ulikatika, mwanangu wa miaka minane akafungua mlango wa uani aende chooni peku, bila tochi. Nilimkaripia mpaka majirani wakatoka. Mama watoto ananiuliza hasira zote hizo za nini. Hazikuwa hasira, niliukumbuka mguu wangu.

1998, Kilosa, niko darasa la tano. Nimetoka usiku kwenda haja, nikakanyaga kitu laini kama mpira uliopungua upepo. Kabla sijainua mguu nikasikia "fuuu", halafu moto kifundoni. Nyoka, kifutu. Bibi alinifunga kipande cha khanga chini ya goti akakikaza kwa kijiti, jirani akachanja kwa wembe, mwingine akaja na jiwe la nyoka. Wote walitaka kuniokoa, siwalaumu. Kufika asubuhi mguu umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa. Hospitali tulienda kwa baiskeli, mwendo wa saa tatu. Nilipona, ila vidole viwili vilikatwa.

Yaliyowakuta ninyi ni yapi?

Nachingwea Moja
Kifutu ubaya wake hakimbii. Koboko akisikia kishindo mara nyingi anaondoka zake. Kifutu analala palepale, rangi ya majani makavu, mpaka umkanyage.

Mzee wa Handeni
Kufunga ni lazima, vijana. Nimefunga watu wawili na wako hai mpaka leo. Sumu ikipanda moyoni utafanya nini?

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu, naomba unisikilize. Sumu ya kifutu inaozesha nyama. Ukiifungia mahali pamoja na damu ukaizuia, mguu unakufa. Msichanje, msinyonye, na jiwe halivuti sumu. Mlazeni mgonjwa atulie, mvueni viatu, pete na cheni kabla uvimbe haujaja, mguu muufunge kwenye ubao kama uliovunjika ili usichezecheze, kisha hospitali. Aliyeumwa na koboko ni mbio zaidi, maana kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, halafu pumzi inakata. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi, muda mrefu, usiyafikiche.

Mzee wa Handeni
Marahaba. Lakini hospitali kwetu iko kilomita 40, na ukifika unaweza kuambiwa dawa imeisha. Unatulia kwenye ubao unangoja nini?

Muuguzi wa Zamu
Hilo la dawa kuisha linaniuma sana, mzee, maana mimi ndiye ninayemwambia mama wa mtoto. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Sisi wa zahanati tulikuwa tunaliona miaka yote. Ila bado, usifunge.

Kitonga
Mimi nafunga. Samahani dada.

Mrufiji
Nimesoma hiyo habari ya kutoka usiku, nimeshindwa kulala. Acha niseme.

2003 nilikuwa na miaka 19. Mpunga bondeni umeanza kushika punje, na wa Rufiji mnajua, usipolala shamba nguruwe pori wanamaliza eka kwa usiku mmoja. Tulikuwa watatu kwenye dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba: mjomba, mimi na mdogo wangu. Dungu lenyewe lilikuwa fupi, kimo cha kifua, mwaka ule miti ya kujengea tuliipata kwa shida. Simba alikuwa ameshaanza kuua vijiji vya jirani. Tulijua. Lakini mpunga ule ndio uliokuwa chakula, nguo na ada.

Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku tatu nyuma, kwa hiyo baada ya magharibi giza tupu. Mjomba akapiga debe, nguruwe wakatawanyika. Mara vyura wakanyamaza, bonde zima. Mjomba akasema taratibu, "Msishuke." Yeye ndiye aliyekuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia.

Simba mwenyewe sikumwona. Nilisikia nguzo ikivunjika, dungu likainama, mjomba akanishika shati. Shati likachanika. Nikapiga debe mpaka likatoboka, na mdogo wangu akawa anaita watu wa kijijini kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Walifika na mienge alfajiri. Tulichozika hakikujaza sanda. Hapo naishia.

Simba huyo aliuawa Aprili 2004, akiwa ameshaua watu zaidi ya 30. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Mdogo wangu mpaka leo vyura wakinyamaza anawasha taa zote.

Nachingwea Moja
Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mjomba.

Mtu wa Kilosa
Nimesoma mara mbili. Mimi nalia vidole viwili.

Bin Mkongo
Poleni. Lakini yule hakuwa simba wa kawaida, kila mtu anajua alitumwa. Simba gani anachagua nyumba?

Mrufiji
Usiseme hivyo, tafadhali. Kwetu kuna mzee aliyekuwa hapatani na mjomba kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alinyooshewa kidole mpaka akahama na wajukuu zake, na sijui alifia wapi. Simba alifuata nguruwe, na sisi tulikuwa tumelala waliko nguruwe. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alitwambia mapema, tukambishia.

Bin Mkongo
Sawa. Sikujua habari ya huyo mzee.

Lindi Kusini
La mwezi mlishike. Watafiti walihesabu waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004 wakapata zaidi ya 560, wengi wao huku kusini. Walikuta pia kwamba mashambulizi yanazidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za mwanzo wa usiku mwezi haujatoka. Bibi yangu siku hizo alikuwa hatutumi hata chumvi.

Ukerewe
Na kiboko mmemsahau?

Kitonga
Kiboko hali mtu.

Ukerewe
Hali, lakini anamkata mtu vipande viwili. Kaka yangu alikutana naye saa kumi na moja alfajiri kwenye njia ya mwaloni, pale ziwani wavuvi wanaposhushia samaki, kiboko anarudi majini na kaka yuko katikati. Usimzibie maji, toka kwenye njia yake.

Lindi Kusini
Mrufiji, mlipata chochote serikalini?

Mrufiji
Wakati ule hapana. Kanuni za 2011 zilikuja na kifuta machozi, shilingi milioni moja kwa aliyekufa. Jina lenyewe linakwambia kuwa si fidia.

Mkulima wa Tunduru
Jamani, kwetu shida ni tembo. Tumepaka kamba oili chafu na pilipili, mvua ikinyesha inaoshwa yote. Kuna aliyejaribu nyuki?

Sagalla, Taita
Sisi huku karibu na Voi tumejaribu. Mzinga mmoja kila mita kumi, waya umeunganisha mizinga yote. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Si lazima yote iwe na nyuki, mmoja wa kweli, mmoja wa ubao tu. Lakini wakati wa ukame nyuki huhama, kwa hivyo wawekee maji.

Mkulima wa Tunduru
Asante sana. Waya wa namna gani?