Nianze na tiara ya nguvu ya saizi gani kwa upepo wa Dodoma?

Kijana wa Nkuhungu: Wadau habarini, utotoni nimerusha sana tiara za nailoni na njiti za fagio, sasa nataka ile kubwa inayomvuta mtu. Nina kilo 68, kuna jamaa ananiuzia used ya skwea mita 5, kamba nne, bei nzuri tu, nataka nikairushie uwanja wazi huko njia ya Ihumwa. Nichukue?

Mzee wa upepo: Hapana mdogo wangu, iache. Mita 5 ni ya aliyezoea, na huku kwetu Juni mpaka Septemba upepo unapiga kweli halafu unakuja kwa kushtukiza, na kasi yake ikiongezeka mara mbili mvuto unaongezeka mara nne. Mimi nilianza na mita 3 nikaburuzwa kwenye miiba, goti likachanika. Anza na 1.5 au 2, inavuta vizuri tu na inakufundisha mikono. Ukiona vumbi na makaratasi yananyanyuka, wewe bado mgeni, subiri upungue.

Dada Chamwino: Kamba nne ni sawa ila ziwe na vile vikamba vya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ukiachia mishikio breki (zile kamba mbili za nyuma) zinavutika na tiara inalala. Usijifunge kiunoni kabisa! Na kaa mbali na nyaya za umeme.

Kijana wa Nkuhungu: Asanteni sana, hiyo ya 5 naiacha. Mwenye ya mita 2 anicheki inbox