Prosesa kugonga 100% ukirusha gemu laivu: tupeane uzoefu wa enkoda

Mzee wa Fremu 60

Wakuu, salaam. Kila nikimuuliza mtu kwa nini laivu yake inakwama, jibu ni moja: "mashine yangu ndogo." Inawezekana. Ila ya kwangu ilikuwa inatosha siku zote, mbovu nilikuwa mimi.

Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, i5-6500 yenye kori nne, RAM GB 16, kadi ya GTX 1050 Ti. Jumamosi tunacheza ligi yetu ya eFootball hapa nyumbani, na mechi narusha YouTube ili waliotolewa mapema nao waone. Fainali ikafika penalti. Mpigaji anaukimbilia mpira, picha ikaganda. Iliporudi watu wanashangilia na hakuna mtazamaji aliyeona nani kafunga. Binamu yangu wa Mwanza akapiga simu kuuliza kama umeme umekatika. Kwangu nako gemu inarukaruka, feni inalia kama mashine ya kukoboa, na chini ya OBS, programu ninayorushia, kuna maandishi: "Encoding overloaded!" Nafungua Task Manager, prosesa 100%.

Siku tatu nilihangaika. Nilifuta antivirasi, nikapaka pasta mpya ya joto, nikapiga Windows upya. Mpaka nikakumbuka kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimenakili mipangilio ya mrushaji mmoja wa Marekani: x264, yaani enkoda (kibana video) inayotegemea prosesa, na priseti (mpangilio ulioandaliwa tayari) "medium". Yangu ilikuwa "veryfast", iliyokuja na OBS yenyewe, na mimi nikadhani veryfast maana yake kazi ya kulipua. Nikaona nipandishe ubora.

Kumbe jina la priseti linasema enkoda itumie muda gani kubana kila fremu. Ultrafast inapita juu juu tu. Kisha zinafuata superfast, veryfast, faster, fast, medium, slow, na kila ukisogea hatua moja inachimba zaidi kutafuta namna ya kubana, na gharama yote inalipwa na prosesa. Ukirusha fremu 60 kwa sekunde, kila fremu imepewa wastani wa milisekunde 16 na ushee. Kazi ikizidi hapo fremu zinapanga foleni, foleni ikijaa zinatupwa. Yule jamaa prosesa yake ni kubwa mara nne ya yangu, na mimi sikuangalia hilo.

Dawa ilikuwa dakika moja: Settings, Output, pale kwenye enkoda nikatoa x264 nikaweka NVENC. Hicho ni kipande kidogo ndani ya kadi ya NVIDIA kilichotengenezwa kwa kubana video tu, wala hakimsumbui prosesa. Gemu ile ile, 1080p ile ile, prosesa ikashuka hadi kama 55.

Semeni nanyi: mashine gani, gemu gani, mlibadilisha nini.

Bint Kisauni

Asante kaka kwa uzi. Mie sina hiyo kadi. Nina EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5-6300U, kori mbili basi. Nacheza Minecraft na watoto wa kaka yangu walioko Doha, huwa narushia wao tu na wenzao wachache, si kwa ajili ya umaarufu.

Makosa yangu yalikuwa matatu na yote niliyafanya kwa pamoja. Kioo cha laptopu hii ni 1366 kwa 768, nami kwenye OBS nikaandika itoe 1920 kwa 1080. Yaani naichukua picha ndogo, naivuta iwe kubwa, kisha namtwika prosesa aibane ikiwa kubwa vile vile! Ubora hauongezeki hata chembe, mzigo tu. Kosa la pili, x264. La tatu, nilikuwa nacheza chaja imechomolewa, na laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo wa prosesa ili ihifadhi chaji.

Mpwa wangu wa miaka kumi na moja ndiye aliyenambia, "Ammeti, weka Quick Sync." Hiyo ni enkoda iliyomo kwenye grafiksi za ndani za Intel; prosesa nyingi zenye grafiksi hizo zinayo tangu mwaka 2011. Nikaweka, nikashusha hadi 1280 kwa 720, fremu 30. Pigeni hesabu wenyewe: 1080p kwa fremu 60 ni vitone milioni 124 kila sekunde, 720p kwa fremu 30 ni milioni 27 na kitu. Tofauti ni mara nne na nusu.

Tahadhari moja. Quick Sync inakaa nyumba moja na grafiksi inayochora gemu. Gemu yenyewe ilipoteza fremu kidogo, ikabidi niibane isizidi 45 na nipunguze umbali wa kuona. Tangu hapo twaenda saa mbili bila kukwama.

Mkaanga Chipsi

Mnajisumbua wakuu. Hilo ni bando tu. Ongezeni bando, picha haitaganda.

Mzee wa Fremu 60

Mkuu Mkaanga, hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu kwa mtazamaji kukwama ni kukwama. Fungua OBS, nenda View, bonyeza Stats. Kuna mistari mitatu na kila mmoja unamshtaki mtu tofauti.

"Skipped frames due to encoding lag" ni enkoda imeelemewa. Ndiyo mada yetu.

"Frames missed due to rendering lag" ni kadi ya grafiksi. Hata OBS inaihitaji kadi ili kuunganisha gemu, kamera na maandishi kuwa picha moja. Gemu ikila kadi 99%, OBS inakosa pa kusimama. Hapo hata ukibadilisha enkoda mara kumi hupati kitu. Funga kikomo cha fremu ndani ya gemu, tuseme 60 badala ya kuiacha ipae hadi 140, na ufungue OBS kwa "Run as administrator" ili Windows iipe kipaumbele kwenye kadi.

"Dropped frames" ndiyo mtandao. Huyo ndiye bando wako.

Soma kwanza mstari upi unapanda, ndipo uguse kitu. Mimi siku zangu tatu zilipotea kwa kutosoma.

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Naongezea la madukani, maana wateja wanaletwa kwangu wakiwa wameshaumia.

Kijana alinunua GT 1030 mpya, pesa ya kudunduliza, baada ya muuzaji kumwambia "NVIDIA zote zina NVENC". Akafunga, akafungua OBS, NVENC haimo kwenye orodha. Akaniletea akidhani draiva. Draiva mzima. GT 1030 haina enkoda kabisa, hawakuiweka. Wakati huo huo GTX 750 Ti, ambayo ni ya zamani zaidi na mtumba wake ni bei ya kawaida, inayo.

Upande wa AMD kuna mtego kama huo: RX 6400 na RX 6500 XT. Ni kadi za 2022, sura nzuri, gemu zinacheza, lakini enkoda ya video haimo ndani. Ukizinunua kwa ajili ya kurusha utarudi kwenye x264 na prosesa yako itaanza kulia upya.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta jina kamili la kadi na uulize kama ina enkoda ya H.264 (aina ya ubanaji wa video). Muuzaji akisema "zote sawa", ondoka dukani.

Kamanda wa Bermuda

Mimi ni wa Free Fire, nacheza kwa emuleta. Mashine i5-4570, kori nne, sina kadi.

Watu wa emuleta tuna tatizo ambalo wenzetu hawana: unaendesha simu nzima ndani ya kompyuta, halafu juu yake unarusha. Mimi emuleta niliipa kori zote nne nikitaka isigande wakati wa kufyatua. Gemu ikawa tamu, laivu ikawa slaidi za picha. Enkoda ilikuwa x264 na haikuachiwa hata kori moja ya kupumulia.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza niliingia BIOS (mipangilio ya bodi, kabla Windows haijawaka) nikawasha VT, uwezo wa prosesa kuendesha mfumo ndani ya mfumo, ilikuwa imezimwa tangu nanunua. Emuleta bila VT inamchosha prosesa bure. Pili, emuleta nikaipa kori mbili, enkoda nikaweka Quick Sync. Nikaacha 720p fremu 30, bitireti (kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde) 2500 kbps. Kwa bitireti hiyo saa moja inakula kama GB 1.1, kwa hiyo hata mfuko unapumua.

Siku hizi mara nyingine narusha moja kwa moja kutoka kwenye simu, maana simu nazo zina kipande chake cha kubana video. Shida yake ni joto. Dakika arobaini simu inakuwa pasi.

Asiyelala

Na mimi mwenye i5-10400F? Quick Sync siioni.

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Hutaiona. Hiyo F mwishoni inamaanisha grafiksi za ndani hazitumiki, na Quick Sync imekwenda nazo. Tumia enkoda ya kadi yako. Ingekuwa 10400 bila F na bado huioni, ningekuambia uingie BIOS, maana bodi nyingi zinazima grafiksi za ndani ukishachomeka kadi. Unaziwasha, unaweka draiva ya Intel, inarudi.

Mwalimu wa Pedi

Niko Nakuru. Jameni msiitukane x264 kana kwamba ni uchafu. Mimi nina Ryzen 7 yenye kori nane na kadi ya zamani ya AMD. Enkoda ya hiyo kadi kwenye bitireti ndogo inafanya nyasi za uwanja ziwe uji wa kijani. x264 kwa "veryfast", hata "faster", prosesa yangu inabeba na nyasi zinaonekana nyasi. Mwenye kori za ziada azitumie. Na Twitch, tovuti ya laivu za gemu, wanapendekeza bitireti 6000 kwa 1080p fremu 60, kwa hiyo usidhani utaficha ubaya wa enkoda kwa kumwaga bitireti.

Kitu kingine kilichonisumbua hata baada ya enkoda kutulia: madirisha ya brauza ndani ya OBS. Nilikuwa na ya gumzo, ya michango, ya moto unaowaka pembeni, yote saba. Kila moja ni brauza ndogo inayoendesha mambo yake. Nilipofuta tano prosesa ilishuka asilimia kumi na mbili. Ule moto sikuufuta, naupenda.

Bint Kisauni

Mwalimu, umenichekesha na huo moto. Ila mwenye kori mbili kama mie auzime tu.

Mzee wa Fremu 60

Mwalimu yuko sahihi, nikubali. Hata kwangu NVENC ya 1050 Ti kwenye bitireti 3000 inachafua picha mpira ukipigwa mbali na kamera ikikimbia. Nimeamua kurusha 720p fremu 60 badala ya 1080p, imetulia zaidi. Kwa soka heri fremu nyingi kuliko vitone vingi, maoni yangu hayo.

Mkaanga Chipsi

Wakuu, nimefungua hiyo Stats jana usiku nikirusha GTA. Encoding lag sifuri. Rendering lag sifuri. Dropped frames 11%.

Mzee wa Fremu 60

Basi mkuu, yako kweli ni bando.